Mfuko wa Uzazi wa Kitambaa

Mwalimu wa wakunga alipanda ngazi hadi kwenye chumba changu cha kushonea, orofa ya tatu katikati ya jiji, akiwa amebeba mfuko wa uzazi ndani ya karatasi ya nailoni. Nilidhani ni mto wa kiti. Ulikuwa wa kitambaa, umetoka ng'ambo, umechanika pande mbili, na maji ya rangi nyekundu yalikuwa yameingia hadi kwenye nyuzi. Alitaka kujua kama naweza kushona mwingine kama huo.

Alinieleza kazi yake bila haraka. Alikuwa akifundisha katika chuo kimoja kule Westlands. Huufunga mfuko huo tumboni kama aproni, akalala kitandani, akawa mama aliyejifungua sasa hivi. Maji mekundu yanatoka. Mwanafunzi anatakiwa ayazuie kwa mikono yake: ngumi moja ndani, mkono wa pili juu ya tumbo, mfuko ukabanwa katikati. Asipoweza hapati cheti, hata kama kwenye mtihani wa kuandika alipata zote.

"Zamani tuliwapima kwa kalamu," alisema. "Mtu anaandika vizuri kabisa vile damu inazuiwa, halafu akiiona anatetemeka."

Alisema vyuo vya nchi nyingi vimeanza kugeuka hivyo, polepole, na kwamba siku hizi wanaosomea uuguzi na wanaosomea udaktari wanaingizwa chumba kimoja wajifunze kusaidiana. Darasa lake lilikuwa Alhamisi iliyofuata, la mwisho kabla ya wanafunzi kupelekwa kwenye zahanati za mbali. Bila mfuko, angerudi kwenye mchoro wa ubaoni.

Mimi niliacha shule darasa la saba. Baba alikuwa ametangulia, na mama alipofariki akimzaa kitindamimba wetu, niliachiwa wadogo wanne, nikaingia kwenye cherehani ya mjomba. Tangu hapo nimeshona sare, suti za harusi, mapazia ya ofisi. Kiungo cha mtu sikuwa nimewahi kushona.

Jirani yangu anayeshona suti alinitania kila alipopita. "Niaje, daktari. Hiyo koti mbona haina mikono?"

Nikamwambia mwenye koti bado hajazaliwa.

Kufikia Jumatatu nilikuwa nimemaliza. Nilitumia kitambaa cha nguo za kuogelea, nikakitia bitana mara mbili na lastiki pana mdomoni. Niliujaribu kwenye sinki la orofa yetu. Ukiugusa tu, maji yanakatika. Nilienda nyumbani Woodley nikijisifu moyoni.

Jumanne mwalimu akaja. Aliubonyeza kwa vidole viwili, maji yakakatika. Akarudia. Hakutabasamu.

"Fundi, mshono ni safi. Lakini mama huyu anapona mwenyewe."

"Si tunataka apone?"

"Tunataka aponywe. Mwanafunzi akizoea huyu, siku atakutana na mama wa kweli atashika kidogo, kisha aachilie. Nishonee anayeweza kufa."

Nikamwambia kwamba huyo nimeshamwona. Nilikuwa na miaka kumi na minne, nimesimama mlangoni mwa zahanati na ndoo ya maji niliyotumwa, na hakuna aliyeipokea. Habari hii sikuwa nimemsimulia mtu, hata wadogo zangu. Mwalimu hakunipa pole. Aliniuliza swali ambalo sikuwahi kujiuliza: mikono ya muuguzi aliyemhudumia mama ilikuwa inafanya nini?

Ilinibidi nifumbe macho ndipo niione. Alikuwa akibadilisha vitambaa. Vikilowa anavitoa, anaweka vingine, huku akichungulia barabarani kama gari la daktari linakuja. Miaka yote hiyo nilikuwa nimemhesabu kuwa mvivu.

"Hakuwa mvivu," mwalimu alisema. "Alifundishwa kungoja. Hata mimi nilifundishwa hivyo."

Alipoondoka nilianza kufumua. Nilitoa bitana yote, nikaipunguza lastiki, nikapanua njia ya maji. Mara tatu mkono wangu ulitaka kurudisha mshono mmoja, wa kusaidia kidogo tu, na mara tatu nikaukata.

Alhamisi niliegemea ukuta wa darasa. Wa kwanza kuitwa alikuwa msichana mwembamba wa uuguzi. Mwalimu, akiwa kitandani na mfuko wangu tumboni, alimwita dada, akaomba maji ya kunywa, akasema anasikia baridi. Msichana akaingiza ngumi, akaitoa ajipanguse, akaingiza tena. Beseni likajaa, maji yakafika sakafuni. Mwalimu akaacha kuongea. Akafumba macho. Vijana wale wote, wenye simu na utani wao, hakuna aliyecheka.

Mwalimu akaketi, akakaza kamba za mfuko. "Tena."

Safari hii msichana hakumngoja mtu. Alimwambia kijana mrefu anayesomea udaktari, "Daktari, weka hicho kitabu chini. Kandamiza hapa, usiachilie." Akamtuma mwingine kuita msaada. Yule daktari mtarajiwa akatii. Na huku ngumi yake iko ndani, msichana akawa anamwambia mwalimu, "Mama, niko hapa. Nitazame mimi."

Maji yakawa matone. Kisha yakakoma.

Nilikulia katika imani kwamba kilichokosekana siku ile kilikuwa kikubwa: dawa, gari, mashine, mtu aliyesoma sana. Kumbe kilikuwa hiki hapa, ngumi mwishoni mwa mkono wa msichana, na mtu anaweza kufundishwa.

Walipokuwa wakipangusa sakafu, msichana aliniuliza kama mimi mwenyewe nimejaribu. Nikakubali kwamba bado. Mwalimu akalala tena.

"Kunja ngumi, fundi," msichana alisema. "Panda juu. Zaidi."

Maji yaliendelea kutoka. Mfuko ulikuwa mgumu jinsi nilivyouacha mwenyewe. Nilikandamiza mpaka mabega yakatetemeka, ndipo nikahisi kitambaa kikikaza na mkondo ukisimama juu ya kifundo cha mkono wangu. Nikauliza mtu anashika kwa muda gani.

"Mpaka msaada ufike."

Yule kijana mrefu akasogea, akiwa amevaa glavu. "Mzee, nikupokee?"

Nikamwambia angoje kidogo.