Kompyuta ya Mwalimu Somoe

Siku ile naikumbuka kila nikishika bisibisi, mwanangu. Nilikuwa fundi redio pale Kibiti, kijana mwenye kichwa kikubwa. Biashara zilikuwa zimefunguliwa, vitu vya nje vinaingia kila wiki, nami nikadhani fundi wa redio ni fundi wa kila kitu.

Akaja Mwalimu Somoe kutoka Mbuchi, kompyuta mpakato yake kaifunga kwenye khanga. Ofisi moja ya mradi jirani yetu ilikuwa na intaneti ya hewani, na karani wa pale alimruhusu kuitumia, lakini kompyuta yake haikuiona. Barua ya kuomba chuo ilikuwa humo ndani, na siku hiyo ndiyo ya mwisho kupokelewa.

Sikumuuliza hata neno. Nikafungua. Nikakuta kadi ndogo ya mtandao na nyaya mbili nyembamba, nyeusi na nyeupe. Nikajisemea, hizi antena fupi mno. Sisi redio ikikosa stesheni tulikuwa tunaongeza waya mpaka juu ya mnazi! Basi nikazikata, nikaunga waya wa shaba, nikachomelea kwa risasi. Nilipoigeuza ndipo nikaona swichi ndogo ya mtandao ubavuni, imezimwa. Bila shaka ilisogea mle kwenye khanga, safarini. Nikaiwasha. Taa yake ikawaka, ila mtandao haukuonekana, maana nyaya nilishaziharibu.

Nikaona haya. Nikamwambia, "Mwalimu, hii imekufa." Akaifunga tena, akaondoka anafuta macho.

Alasiri akapita Mzee Mapande, aliyenifundisha ufundi, akaona vipande vya nyaya mezani. Nikamsimulia.

"Mwenyewe umemwambia kama umezikata wewe?"

"Hapana, mzee."

"Na kompyuta yenyewe inawaka?"

"Inawaka."

"Mjinga we! Si angeitoa barua kwa flashi, akaituma kwa kompyuta ya karani? Mficha uchi hazai."

Nilikimbia mpaka stendi, nikaambiwa keshaondoka. Kesho yake nikamfuata Mbuchi. Nilimkuta anasahihisha madaftari, nikamweleza yote bila kupunguza.

"Waya ningekusamehe palepale, fundi," akasema. "Huu mwaka wangu nani atanirudishia?"

Swali hilo nilirudi nalo Kibiti. Mpaka leo linaniuma.

Mwanangu, kabla hujafungua kitu cha mtu, uliza: mara ya mwisho kilifanya kazi lini, nani kakishika, kimebebwaje. Kuuliza si ujinga. Kitazame nje kwanza, ndani hapakimbii. Na ukiharibu, kwani utaharibu tu, sema saa ileile, mwenyewe angali mbele yako na siku yake haijamwishia. Aibu ya fundi ni ya kitambo, hasara ya mwenzio huenda isilipike. Mola akujalie mkono mwepesi, na ulimi mwepesi zaidi wa kusema, "Nimekosa." Amina.