Mama yangu, mtumbwi na mwezi uliotaka kufutwa Ujiji

Habari za kutwa wakuu,

Hii ninayoandika si chai. Mashahidi wapo Ujiji, na wengine najua wamo humu wanachungulia bila ku-log in. Wakiona nimeongeza chumvi wanisute.

Ilikuwa miaka ile Warundi wanavuka kwa wingi na kambi zimejaa. Mimi ni fundi wa kuchomelea vyuma, kwetu Buzebazeba. Mama anakausha dagaa mwaloni, pale mitumbwi inaposhushia samaki, na ndiye mwenyekiti wa kikundi cha kina mama. Shirika moja likaja na mradi wa kuchora ukuta wa ghala la kikundi, picha ya kuwatia moyo wanawake. Mchoraji akatolewa kambini kwa kibali cha wiki mbili, dada wa Kirundi anaitwa Goreth.

Goreth akafikia kwetu. Mama akampenda kupita kiasi. Mimi wa kuzaliwa napewa mkia wa samaki mgebuka, mgeni anapewa pande la katikati! Jioni wanakaa uani wanapiga stori. Kiha na Kirundi vinaelewana, sisi watoto wa mjini ambao Kiha chetu ni cha salamu tu tunaambulia kicheko.

Nikamtengenezea jukwaa la chuma la kusimamia. Baada ya siku chache picha ikaanza kueleweka.

Wakuu, nilitamani ardhi ipasuke.

Ni mama. Sura yake, kanga yake, kafunga kibwebwe, kasimama peke yake kwenye mtumbwi. Karabai inawaka, wavu wa mkono umo majini, na juu mwezi mpevu mkubwa kama sinia.

Kwa wasiojua ya kwetu: wavuvi wetu walikuwa wanaamini mwanamke akiingia kwenye chombo cha uvuvi analeta mkosi. Samaki wakipotea, ni yeye.

Mwaloni pakachafuka. Mabinti wanakuja kupiga selfie, wazee wanatema mate chini. Bodaboda wakinipita wanapiga honi, "Mtoto wa nahodha!" Usoni nacheka, moyoni naungua.

Mzee Rajabu, kiongozi wa wavuvi, akasema Ijumaa baada ya swala kama picha bado ipo, itapakwa chokaa. Kibali cha Goreth kilikuwa kinaisha Jumamosi. Aliwahi kuniambia kwamba tangu akimbie kwao hakuna kitu chake kilichosimama mahali, hata kibanda cha kuku. Ule ukuta ndio ulikuwa wa kwanza.

Sasa niseme linaloniuma. Mimi nilikuwa upande wa chokaa. Niliichanganya kwa mikono yangu.

Ijumaa wavuvi wakaja. Nimeshika ndoo, brashi haijagusa ukuta, mvuvi mmoja akaangua kicheko.

"Jamani, huo mwezi! Nani anavua dagaa mbalamwezi?"

Hapa nieleze kidogo. Dagaa wanafuata taa gizani. Mwezi ukiwa mpevu taa haifui dafu, kwa hiyo wavuvi wote wanabaki nyumbani wanashona nyavu. Hilo Ujiji hata mtoto wa chekechea analijua.

Basi ikawa vituko. Mara kasia fupi, mara wavu kaushika kama ungo. Wakamgeukia Goreth, mtu wa milimani ziwa utalijulia wapi? Mzee Rajabu naye akalegea.

"Huo mwezi ufutwe kwanza, unatuaibisha. Habari ya mwanamke tutaongea baadaye."

Kumbe hata mimi, moyoni sikutaka kumfutia Goreth kazi yake. Nikajua mwezi ukifutwa, picha imepona.

Goreth akasema kwa upole, "Munisamehe baba. Miye ni mutu wa mulima." Akapanda jukwaani, akachovya brashi kwenye rangi nyeusi. Hakujitetea hata kidogo.

"Goreth, mwanangu, shuka."

Mama huyo. Katoka kwenye chanja za kukaushia dagaa, magamba mpaka viwikoni.

"Huo mwezi hajaukosea, mimi ndiye niliyemwambia. Mwaka ule baba watoto alipolala kitandani mgonjwa, ndani hamna kitu, nilichukua mtumbwi wake. Nikachagua mbalamwezi kwa sababu nyie wote mnakuwa majumbani kwenu. Siku ya giza mngeniona, na samaki wakipungua mngesema ni mimi."

Siri hiyo mama alikaa nayo tangu niko shule ya msingi. Aliitoa kwa mtu mmoja tu, na huyo mtu alikuwa tayari kuonekana mjinga mbele ya mwalo mzima kuliko kumtaja.

Mzee Rajabu akakohoa. "Shemeji. Ule mtumbwi tuliukuta asubuhi umelowa, tukasema wezi."

"Wezi ni mimi."

"Ulipata?"

"Bakuli moja."

Mzee akaugeukia ukuta. "Basi mwezi ubaki. Ila wewe binti, hiyo karabai ishushe. Hapo juu upepo unaizima."

Watu wakacheka, Goreth akaanza kulia huku anachanganya rangi. Mama akageuka, akaniona na ndoo yangu.

"Na huyu mwenye chokaa ndiye aliyewala hao dagaa. Akalalamika ni wachache."

Nalikumbuka lile bakuli, wakuu. Nakumbuka mpaka nilivyolisukuma.

Chokaa niliipaka kwenye choo cha kikundi, amri ya mama. Goreth aliondoka Jumamosi, na baadaye tukasikia amerudi kwao Burundi. Picha imefifia lakini ipo, na mama akipita na beseni lake huwa anaifuta vumbi kwa kanga.

Nilichojifunza: aibu niliyoiona kwenye ule ukuta ilikuwa ni chakula changu. Nilikuwa najua kila kitu kuhusu mama isipokuwa nilivyolishwa.

Haya, nawaachia uwanja. Mama zenu walifanya nini ambacho hamjawahi kuwauliza? Nitasoma zote, ila ngoja kwanza nipige simu Ujiji.