Tofali Lenye Matundu Manne

Ernesta Niyokwizera anafundisha darasa la awali katika shule moja ya Kasulo, wilayani Ngara. Kwa miaka kumi na tisa amefundisha watoto kuhesabu kwa matofali ya plastiki ya kuchezea, yale yenye vichwa vya duara juu, ambayo ukiyabana yanashikana. Yaliachwa na kituo cha watoto wa wakimbizi miaka ile ya kambi, parokia ikayapeleka shuleni. Kila tofali alilijua, isipokuwa moja.

Lilikuwa jeupe lililoingia unjano, na mbavuni lilikuwa na vibonyeo vinne vilivyojaa udongo mwekundu. Mwalimu mmoja alisema ni kipande cha redio. Mwingine akasema ni cha soketi ya umeme.

Februari, kata iliandaa maonesho ya zana za kufundishia. Mwalimu Mkuu, Frednand, alipita darasani na daftari lake.

"Kila zana iandikwe jina na kazi yake," alisema. "Hilo lisilo na jina, Mwalimu, litupe."

"Lina kazi, Mkuu. Ni sisi tu hatuijui."

"Basi una wiki moja."

Jumamosi Ernesta aliketi barazani kwake na beseni la maji ya sabuni. Alichokonoa vibonyeo kwa sindano ya kushonea. Udongo ulitoka kidogo kidogo, sindano ikazidi kuzama, na hapo akagundua kwamba havikuwa vibonyeo. Yalikuwa matundu, mawili kila ubavu, yamelingana kabisa. Ndipo akakumbuka vigurudumu vitatu vyeusi vyenye vipini vyembamba vya chuma, alivyovihifadhi kwenye kopo la chaki akidhani vilidondoka kutoka kwenye gari fulani la kuchezea. Akaingia ndani kulichukua. Kipini cha kwanza kiliingia tap! Cha pili nacho, na cha tatu.

Gurudumu la nne halikuwepo. Alikata kiduara kutoka kwenye kandambili kuukuu, akakipigilia msumari mdogo, akakichomeka.

Mumewe, Projestus, alimkuta amepiga magoti sakafuni.

"Mwalimu mzima unacheza!"

"Sukuma uone."

Alisukuma. Kigari kikatembea mpaka mlangoni. Projestus alikifuata, akakirudisha, akasukuma tena.

Jumatatu Frednand alikitazama pande zote, kisha akatafuta namba ya mzee Anastazi, ambaye zamani alihudumu katika kile kituo cha watoto na sasa analima Nyabusozi, Biharamulo. Alimpigia, akampa Ernesta simu.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu."

Ernesta alimweleza. Mzee akacheka kwa sauti.

"Gari la maji! Watoto walikuwa wanapanga matofali juu yake, wanasema ni madumu. Walilivuta vumbini kutwa nzima, magurudumu yakawa yanachomoka. Mimi nilijua limepotea. Nani amekuonesha?"

"Hakuna, mzee. Nililiosha, nikalitazama."

"Basi una jicho, mwalimu. Una jicho kweli."

Ernesta alirudisha simu, akasimama wima kuliko kawaida yake.

Siku ya maonesho aliandika kadi kwa mkono wake: *Tofali la magurudumu. Kazi: kufundisha kuvuta, kusukuma na kuhesabu mzigo.* Walimu wa shule nyingine walizunguka meza yake, kila mmoja akitaka kusukuma. Afisa mmoja wa elimu aliligusa lile gurudumu la kandambili na kuuliza mbona halifanani na mengine.

"Hilo nimelitengeneza mimi," Ernesta akajibu, na hakushusha sauti.

Afisa aliomba awafundishe walimu wote wa awali wa kata namna ya kukata magurudumu ya aina hiyo. Ernesta aliwapangia Alhamisi, akawaambia kila mmoja aje na kandambili yake iliyokatika.