Bamemunyang'anya Baba usukani juu ya damu ya pacha wake

Leo bamemushusha baba yangu mu boti juu ya ugonjwa yenye hana!

Bandugu, musikie.

Baba na Baba Mukubwa ni mapacha, sura moja, hata sauti. Baba Mukubwa ameanza kusahau. Siku zingine anamuuliza mke wake jina.

Sasa asubuhi, hapa Baraka, Baba alipanda kuendesha boti ya kwenda Ubwari, ng'ambo ya maji, kama kawaida. Mwenye boti akamuzuia mbele ya basafiri bote.

"Muzee, shuka. Pacha wako anasahau. Ninyi ni damu moja, na weye itakufikia."

Mimi nilikuwa nimemusindikiza Baba, nikamuuliza: "Kuna siku alipotea njia?"

"Bado."

Bado!

Nikamupigia muuguzi wetu simu, nikaweka sauti kubwa bote basikie. Akasema: "Kusahau inaweza kupita mu damu, ni kweli, na kwa mapacha hatari inazidi. Lakini hatari si ugonjwa. Mumoja anaweza kusahau, mwingine abaki muzima. Mumulete nimupime kwanza."

Mwenye boti akawasha mota. Boti ikaenda na mutu mwingine.

Na ninyi mulikuwa mumekaa mule, wenye Baba aliwavusha mu zoruba, hakuna hata mumoja alifungua kinywa!

Tukarudi kwa miguu. Mulangoni Baba akaniuliza mimi binti yake:

"Mama, siku nikianza kusahau, utaniambia?"

Nikamujibu ndiyo.

Jana hakuwa na huo woga. Niambieni, nani atamuondolea?