Mstari wa Ubavuni

Karakanani walimwita Mstari, na hata mkewe, aliyeanza ndoa kwa kumwita jina lake la nyumbani, mwishowe alishindwa na wengi akamwita kama wao. Vichwa vya treni vya dizeli vilipotoka kwenye matengenezo vikiwa vimepakwa kijivu kitupu, yeye ndiye aliyevichora mstari mwekundu ubavuni, kuanzia puani hadi mkiani. Wachoraji wengine walipiga uzi wa chaki, kisha wakabandika tepu juu na chini ili brashi isitoroke. Yeye alipiga uzi, tepu akaikataa. Alivuta pumzi, akaizuia, akaanza kwenda kinyumenyume taratibu, na mstari ukamfuata. Alipofika kwenye mlango wa dereva ndipo alipopumua.

"Ukipumua, mstari nao unapumua," aliwaambia waliokuja kujifunza. "Na mstari ukipumua, umepinda."

Kisha karakana ikafungwa. Vile vichwa vya mizigo alivyovichora maisha yake yote, vizito, vyenye pua butu, vilivyoitwa Madume kwa sababu ya honi yao ya kuunguruma, vikakatwa vipande na kuuzwa kama chuma chakavu. Hakikubaki hata kimoja cha kwenda kutazama.

Macho yalianza kumsumbua baadaye. Mkewe, mshonaji, alimsindikiza hospitali akabaki kwenye benchi la nje. Ndani, daktari alimweleza kwamba mshipa wa nyuma ya jicho unanyauka na hakuna dawa ya kuurudisha. Kitakachotangulia kuondoka ni rangi.

"Rangi gani?" akauliza.

"Mara nyingi nyekundu."

Alipotoka akamwambia mkewe, "Amesema macho yamechoka. Na nani hajachoka?"

Tangu siku hiyo akawa na mchezo. Alipita nyuma ya cherehani, akashika pindo la nguo ya mteja, akauliza kwa kejeli, "Na hii rangi ya ajabu inaitwaje?" Mkewe alimjibu huku akikanyaga pedeli, akidhani anatafuta mazungumzo tu. Hakujua kwamba mumewe anajipima, na kwamba kila jibu linalolingana na alichokiona lilimpa siku moja zaidi ya kulala usingizi.

Siku fundi saa alipomtumia ujumbe, walikwenda wote wawili. Fundi saa huyu, rafiki yake wa zamani, alikuwa na chumba chembamba chini ya ngazi za jengo la maduka, na pembeni ya saa aliuza treni ndogo za mfano kwa watu wanaozipenda. Kwa muda mrefu Mstari alikuwa akimwulizia Dume. Kampuni kubwa za mifano hazikuwahi kulitengeneza. Wao hutengeneza treni nzuri, zinazopendwa. Dume nani alilipenda? Sasa yalikuwa yamepatikana mawili kwa mpigo, na binti yao alikuwa amesema: Baba, chagua, ni zawadi yangu.

"Fundi Mstari! Shemeji, karibu, kaa hapo. Sogeza tu hizo saa."

"Zinatembea kweli hizi?" mke akauliza.

"Zinatembea, shemeji. Ila kila moja na njia yake."

Mstari hakucheka. Macho yake yalikuwa mezani.

La kwanza lilikuwa la shaba, kazi ya ndugu wawili wasiojulikana na mtu, wanaounga vipande kwa lehemu kwenye banda nyuma ya nyumba yao. Halikuwa na rangi. Lilikaa kiganjani zito na la manjano, ribiti zake, ile misumari ya kuunganishia mabati, zote zikihesabika kwa kidole, ingawa ngazi moja ilikuwa imeungwa upande. La pili lilikuwa la plastiki, la kampuni changa iliyotoa mifano michache tu ikafunga milango. Hilo lilikuwa jepesi, limenyooka, limepakwa tayari, lina namba na vioo, na hata kidereva kimekaa ndani kikitazama mbele.

"Mimi ningekuwa wewe ningechukua la plastiki," fundi saa alisema. "Limekwisha. Unaliweka juu ya kabati, unalitazama. Hilo la shaba ni shughuli. Usipolisafisha vizuri, rangi inabanduka kama ganda la yai."

Mstari alilipeleka la plastiki mlangoni kwenye mwanga. Akaligeuza. Akaligeuza tena, mpaka fundi saa akakohoa.

"Mama," alimwita mkewe, bila kugeuka. "Huu mstari ni wa kahawia, au?"

Ulikuwa mwekundu. Ulikuwa mwekundu kiasi kwamba mshonaji angeutambua kutoka ng'ambo ya barabara. Lakini sauti ya mumewe ilikuwa imeshuka mahali ambapo hakuwahi kuisikia. Mara moja akakumbuka mapindo yote yale, maswali yote yale ya kejeli, akaelewa.

"Wa kahawia," akasema.

Fundi saa akafungua mdomo. Mke akamkanyaga mguu chini ya meza. Fundi saa akaufunga mdomo, akabandika kioo chake jichoni na kuinamia saa isiyokuwa na ugonjwa wowote.

"Wamekosea!" Mstari akasema, na furaha ikamjaa usoni. "Kazi nzuri yote hii, halafu mstari wa kahawia! Watakuwa wameiga picha iliyofifia. Nipe la shaba. Nitalichora mwenyewe."

Njia nzima alitembea mbele, boksi kifuani. Mkewe alimfuata nyuma. Angesema nyekundu, mumewe angeumia pale pale, mbele ya rafiki, lakini yangekwisha. Sasa alikuwa amemtuma nyumbani kwenye kopo lake la rangi, akaugundue ukweli huko.

Mstari alilisafisha Dume kwa siki, akalipaka kijivu tabaka moja, akaliacha likauke, akapaka tena. Kijivu alikiona vizuri. Aliimba. Mkewe alishona hata nguo ambazo hazikuwa na haraka, ili cherehani ipige kelele.

Kisha Mstari akaliteremsha kabatini kopo dogo alilotoka nalo karakanani, kifuniko chake kikiwa kimezibwa kwa nta. Rangi ile aliichanganya mwenyewe, kwa mkono wake, enzi za macho mazima. Akabandua nta, akakoroga kwa kijiti muda mrefu, akasogea dirishani. Wimbo ukakatika. Cherehani nayo ikanyamaza.

"Njoo," akasema. "Niambie hii ni rangi gani. Na usinionee huruma."

"Nyekundu."

"Na ile ya dukani?"

Mkewe akaketi kwenye kiti kilichokuwa karibu. "Nyekundu. Hii hii."

Mstari alikilaza kijiti juu ya kopo, sambamba na ukingo wa meza, kama kitu kinachohitaji kunyooka.

"Fundi saa aliona?"

"Nilimkanyaga mguu."

"Ukanidanganya mbele ya mtu."

"Ndiyo."

"Kwa nini?"

"Hukuniuliza, Mstari. Uliniomba."

Akamweleza basi alichoambiwa na daktari, chote, akitazama kopo. Mkewe hakulia. Alitoa uzi uliong'ang'ania mkono wa shati la mumewe, akauviringisha kidoleni mpaka ncha ya kidole ikavimba. Nje mtu alikuwa akipiga mswaki bombani na kutema. Walikaa mpaka rangi ikaanza kutengeneza utando.

"Itakauka," Mstari akasema. "Lishike pua."

"Unanishikisha mimi?"

"Kuna nani mwingine humu?"

Akalishika Dume kwa vidole viwili. Mumewe akachovya brashi nyembamba, akavuta pumzi. Meza ilikuwa fupi, hakuna pa kwenda kinyumenyume, kwa hiyo aliuvuta mkono tu, kuelekea tumboni kwake. Akapumua.

"Sema."

Mkewe akainama. Neno la urahisi lilikuwa limeshamfika ulimini.

"Mwanzo umenyooka," akasema. "Karibu na mlango wa dereva umepanda."

"Kiasi gani?"

"Unene wa uzi."

Mstari akaweka brashi chini. Kisha akachovya kitambaa kwenye thina, akaufuta mstari wote, taratibu, asije akaondoka na kijivu. Kitambaa kikawa chekundu. Yeye alikiona kichafu tu, akakitupa chini.

"Shika tena," akasema. "Na safari hii usipumue. Aliyepumua ni wewe."

"Mimi?"

"Nilikusikia."

Mkewe akaishika pua ya Dume, akafunga mdomo.