Rafiki Mmoja wa Pamoja

Dada yangu mkubwa alipotoroka ndoa yake huko Magharibi mwa Kenya, alipata kazi ya kupika kwa familia moja mtaani Lavington, Nairobi, akawa analala hukohuko. Ni mimi tu niliyejua. Mumewe aliponipigia kuuliza, nilimwambia sijui alipo, naye alielekea kuniamini.

Jumapili moja, tukinywa chai kwenye mkahawa wa Adams Arcade, nilimshawishi aingie kwenye mtandao wa kijamii niliokuwa nikiupigia debe tangu chuo. Hauna kampuni inayoumiliki; kila kikundi cha watumiaji kinaendesha kompyuta yake. Hata unapokupendekezea rafiki, simu zinalinganisha orodha za marafiki kwa siri na kutoa idadi tu ya marafiki mlio nao wote wawili, bila jina wala picha ya yeyote.

"Inahesabu watu na haiwajui?" dada aliuliza. "Hiyo kitu iko na kiherehere."

Nilicheka, nikamweleza hesabu zake hadi chai ikapoa. Mimi ninayehoji mahubiri, ilani za vyama na hata bei ya sukuma wiki sokoni, mtandao huo sikuuhoji. Alikubali, nadhani kwa kuchoka kunisikiliza. Rafiki yake humo nilikuwa mimi peke yangu.

Shemeji naye alikuwemo. Nilimwalika zamani, na dada alipoondoka sikumfuta. Kwetu shemeji hafutwi hivihivi. Mahari ilishaliwa, na wazee hawajakaa kusema yameisha.

Jumatano alinipigia nikiwa kazini mjini Nairobi. Simu yake ilikuwa imempendekezea mtu fulani, bila jina, na kusema wana rafiki mmoja wa pamoja.

"Na mimi huko ndani nina wewe tu, shem. Umeingiza nani?"

Ningeweza kumtaja mwenzangu wa ofisini. Ningeweza kumtaja yeyote. Nilinyamaza.

"Kumbe ako huko Nairobi na wewe," akasema taratibu, akakata.

Niliomba ruhusa, nikaenda Lavington. Mlinzi alimwita dada, akaja getini akijipangusa mikono kwenye aproni. Alinisikiliza hadi mwisho. Akauliza kama mumewe anajua mtaa. Nikasema bado. Akauliza nani mwingine anaujua. Nikasema mimi tu.

"Basi usikuje hapa tena. Na usinipigie. Wewe kudanganya hujui. Nitakutafuta mimi."

Akatoa simu, akanifuta nikimtazama, akarudi jikoni.

Huu ni mwezi wa tatu. Hajanitafuta, na nimechoka kujiuliza kama hiyo ni habari njema.