Chupa za Maji Zisizo na Maji

Nilipoajiriwa kumhudumia mwalimu mmoja mstaafu kule Myamba milimani, mama aliyepooza upande wa kulia, niliambiwa kazi yangu ni kumwogesha, kumgeuza kitandani, kumpa dawa na kumtembeza kidogo barazani. Hawakuniambia kwamba ningelazimika pia kuwavumilia wanawe, ambao walimtunza mama yao kwa simu, kwenye kundi la WhatsApp, wakiwa Dar es Salaam. Kila asubuhi walituma maua na mistari ya kutia moyo. Shuka nilibadilisha mimi.

Kabla ya hapo nilikuwa nimejifunza kazi wodini, huko Gonja. Nesi aliyetufundisha alikuwa mkali. Siku moja aliweka mezani chupa tatu zenye kitu cheupe kama maji, akasema, "Mwenye kiu achague." Mwenzetu mmoja akanyoosha mkono. Akatolewa nje, akasimama juani mpaka kipindi kikaisha. Chupa moja ilikuwa ya spiriti, moja ya dawa ya kuulia vijidudu, na ya tatu nesi mwenyewe alisema hakumbuki ni ya nini, na hilo ndilo alilotaka tulishike.

Basi Desemba ikafika, na mwana mkubwa wa Mwalimu akapanda mlima na gari lake jipya, pamoja na mkewe. Gari lilifika limechafuka matope mpaka kwenye vioo, na mwenyewe akashuka akiilaumu barabara kana kwamba nimeichimba mimi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba," Mwalimu akajibu. Ulimi wake ulikuwa mzito tangu kiharusi. Kila neno alilitoa kwa kazi.

Mke wa kaka huyu alikuwa ameanza biashara ya dawa za usafi. Kuna mtu mtaani kwao aliyekuwa akimtengenezea kwa madumu, naye anazigawa kwenye chupa na kuuza. Alituletea sanduku zima kama zawadi. Nilipolifungua nikakuta chupa kumi na mbili za maji ya kunywa, nembo za maji bado zipo, na ndani yake kila kitu isipokuwa maji.

"Hii ya choo, hii ya sakafu, hii ya nguo nyeupe," akanionyesha kwa kidole chenye kucha ndefu.

"Mama, unazitofautishaje?"

"Kwa kuzoea, dada."

Kwao mimi nilikuwa dada, kwa maana ile ya dada wa kazi. Vyeti vyangu vilikuwa kwenye bahasha sandukuni mwangu, navyo havikuwa na la kusema.

Siku ya pili asubuhi mkwe huyu aliamua kwamba choo cha Mwalimu kinanuka. Ni kweli, kilikuwa na harufu. Mama wa miaka themanini aliyepooza hanuki waridi. Choo kile kilikuwa ndani ya chumba chake, mlango wake hatua tatu kutoka kitandani. Mwalimu alikuwa amelala. Nikamkuta mkwe ameinama na chupa mbili, moja kila mkono.

"Nachanganya," akasema. "Inakuwa na nguvu maradufu."

Nilizinusa. Moja ilikuwa na klorini, ile ya kung'arishia nguo. Nyingine ilikuwa tindikali ya kusugulia choo.

"Mama, hizo mbili zikikutana zinatoa hewa mbaya sana. Inachoma mapafu."

Akanitazama kuanzia miguuni. "Kati yangu na wewe, nani kaenda semina?"

"Mimi nilikwenda wodini."

"Basi sasa nenda jikoni."

"Ngoja kwanza nimtoe Mwalimu nje."

"Si amelala? Mwache mzee wa watu apumzike."

Nikaenda jikoni. Hili ninalisema bila kujipamba: nilijua, na nikaenda jikoni kukoroga makande, kwa sababu nilizoea kuona mwenye gari ndiye mwenye kujua. Mpaka leo likinijia mchana nikiwa nafua, huwa naacha kufua.

Sikukoroga sana. Nikasikia kikohozi, kisha chupa ikianguka, kisha mkwe akatoka mbio wigi likiwa limegeukia sikioni, macho mekundu, analia, "Nakufa! Nakufa!" Mtu anayeweza kupiga kelele kiasi hicho bado ana pumzi, kwa hiyo nilimpita. Nilivuta hewa nyingi mlangoni, nikaizuia, nikaingia. Harufu ilikuwa kali kama kisu. Nikasukuma dirisha, nikamshika Mwalimu chini ya makwapa, nikamshusha juu ya blanketi lake na kumburuta na blanketi lote mpaka barazani. Huko nje kulikuwa na ukungu na baridi, na sijawahi kuipenda baridi ya Myamba kama siku ile. Nikamkalisha wima, nikamwegemeza kifuani kwangu. Alikohoa mpaka mwili mzima ukatetemeka, lakini alikuwa anapumua.

Kisha nikamrudia mkwe, nikamwinamisha kwenye bomba la uani na kumwaga maji machoni kwa muda mrefu, yeye akinitukana na kunishukuru kwa zamu.

Na kaka? Alitoka sebuleni na jagi la maziwa. "Maziwa! Maziwa yanaua sumu!" Akamnywesha mkewe, akataka kumnywesha mama yake anayekohoa, nikamzuia kwa kiwiko maana yangempalia. Basi yaliyobaki akayanywa mwenyewe. Hakuwa amevuta chochote. Alikuwa anaangalia mpira.

Tuliwapeleka zahanati kwa gari lile lile. Mganga akauliza, "Mmechanganya nini?"

"Dawa za usafi," kaka akasema.

"Zipi?"

Kaka akainua chupa mbili alizobeba kama ushahidi. Mganga akaisoma nembo ya chupa ya kwanza, akaigeuza, akaisoma tena.

"Hii imeandikwa maji ya kunywa."

Nikamweleza mimi. Alinisikiliza, akaandika, akawaangalia wagonjwa wote wawili mpaka jioni. Mwalimu alikohoa wiki nzima. Mkwe alipoteza sauti kwa siku tatu, nazo zilikuwa siku tatu nzuri.

Kesho yake simu yangu ikalia. Walikuwa wamesahau kwamba nami nimo kwenye kundi. Kaka alikuwa ameandika: "Ndugu, jana kulitokea ajali ndogo. Dada wa kazi alichanganya dawa vibaya. Tumemwelekeza. Mama anaendelea vizuri."

Nilianza kukunja nguo zangu. Mwalimu akaniona, akauliza kwa macho. Nikamsomea ujumbe. Akasema, "Waite."

Wakaja, wakasimama miguuni pa kitanda.

"Nani... alichanganya?"

Kaka akatazama dari. Mkewe, bila sauti, akatazama kucha zake.

"Shika simu," Mwalimu akasema. "Andika."

Akamsomea imla mwanawe wa miaka hamsini, neno kwa neno, kwa ulimi ule mzito, kama anafundisha darasa la pili.

"Mke wangu... ndiye... alichanganya. Nukta. Mhudumu... alimkataza. Nukta. Mimi... nilikuwa... naangalia mpira. Nukta."

"Mama, hilo la mpira si lazima..."

"Nukta!"

Akatuma. Shangazi mmoja wa Tanga akajibu kwa alama ya mikono ya kuomba.

Nami nilikuwa na langu. Mwezi mmoja kabla ya wageni, spiriti ilipovuja kwenye kopo lake, niliimimina kwenye chupa ya maji na kuiweka juu ya kabati la Mwalimu, nikisema nitaiondoa kesho. Ilikaa siku nne. Hakuna aliyeniuliza, na sikujitaja.

Walipoondoka nilikataa kubaki na sanduku. Kaka akataka kuliweka kwenye buti pamoja na ndizi na tangawizi alizofungashiwa. Nikamwambia dawa hazikai na chakula, na asafiri vioo vikiwa wazi. Aliguna, lakini alilihamishia kiti cha nyuma na kulifunga mkanda. Mkewe aliketi mbele, kitambaa puani.

Gari lilipokata kona nikarudi ndani, nikasugua choo kwa sabuni ya kipande na maji ya moto.